Mgongo wa Vidula Khare

Jumapili, 16 Machi

Mkutano wa kamati ya maandamano ya Gudi Padwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ukumbi wa hekalu la Ganesh. Viti vya plastiki. Chai imepoa. Neno la kuamua ni moja tu: nani atatangulia safu ya wanawake wa pikipiki mwaka huu, na bendera ya rangi ya zafarani pembeni yake. Katibu hajamaliza hata kusoma, shingo zote zimeshageuka kumtazama Vidula Khare, jirani yangu wa mlango wa pili. Vidula akashika shavu, eti anaona haya. Haya gani! Mwaka jana alitangulia yeye. Picha ikatoka gazetini: sari ya yadi tisa, kilemba, miwani ya jua, mgongo wima. Muuza peremende wa hapa kona kaitia kwenye fremu, kaitundika juu ya sinia za ladu. Mwaka mzima nanunua sukari guru huku Vidula ananitazama kwa juu.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema hata mimi naendesha. Katibu akauliza, kwa adabu sana, Bi Pendse unaendesha nini. Nikasema skuta, miaka ishirini. Mtu wa nyuma akacheka, akasema shoga, skuta ni kiti cha jikoni chenye magurudumu. Nikasema pikipiki pia ninayo. Na kweli ninayo! Ya mume wangu Bhalchandra, imelala chini ya turubai tangu goti lake lilipoharibika.

Wakaamua hivi. Jumapili ijayo Mzee Tipnis, askari wa trafiki mstaafu, atatupima sisi wawili. Saa nzima, mwendo wa maandamano, bila kushuka. Atakayekaa vizuri zaidi anatangulia. Mwingine anafuata nyuma yake.

Nyumbani nikamwambia Bhalchandra. Akafikiri kwa muda mrefu, ndivyo alivyo. Akasema, lakini Vidula anakaa kama malkia.

Miaka ishirini na saba ya ndoa! Mimi sijawahi kuambiwa nakaa kama chochote. Sikula.

Jumatatu, 17 Machi

Pikipiki imefufuka. Bhalchandra kabadilisha betri, katia mafuta, kaupaka usukani unga mwekundu wa baraka, katundika ndimu na pilipili za kuzuia kijicho. Nikapanda. Nzito! Kwenye skuta unaweka miguu mbele yako, unatulia, unaweza hata kubeba kabichi. Hii unaikumbatia kwa mapaja kama unavuka mto juu ya nyati.

Nimezunguka uwanja wa nyuma dakika arobaini. Nimeshika usukani kwa nguvu zangu zote ili usitoroke. Mikono nimeinyoosha kabisa, viwiko nimevikaza, mabega yamenipanda mpaka kwenye hereni. Macho kwenye gurudumu la mbele, nisije nikalipoteza.

Mzee Tipnis akapita na mkoba wake wa maziwa. Akasimama. Akaanza kupungia mikono kama bado yuko kwenye njia panda. Akasema sogea mbele mama, usikae mwisho wa siti kama mgeni. Tumbo ndilo likubebe, siyo viganja. Mapaja yabane tangi. Viwiko vilegee. Usukani ushike kama unavyoshika mkono wa mtoto mkivuka barabara: hauponyoki, wala hauuvunji. Macho yaende mbali. Na kila nusu saa simama, shuka, nyoosha viungo. Inama kidogo kutoka kiunoni, akasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikamjibu mimi nataka cha juu, siyo cha mvunguni.

Maneno hayohayo alimfundisha Vidula mwaka jana, baada ya maandamano. Nilisikia kupitia dirishani. Nikiyafuata nitakuwa Vidula wa pili, na wa pili ndiyo nafasi ninayoikimbia. Nitabuni ukaaji wangu mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Jamani!

Naorodhesha kwa ajili ya historia. Viganja: vinawaka. Kidole gumba cha kulia: ganzi, nimekichoma sindano kujaribu, sikusikia kitu. Vifundo vya mikono: vimevimba. Shingo: inageuka kushoto tu. Mabega: mawe. Mapaja kwa ndani: nikipanda ngazi naona nyota. Makalio: sitaki kuyazungumzia.

Na kazi yangu ni cherehani! Blauzi kumi na saba za sikukuu zinanisubiri. Nimekalia mito mitatu, miguu haifiki kwenye pedali. Bhalchandra akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, napumzisha viti.

Saa kumi mlango ukagongwa. Vidula. Kaleta kitambaa cha blauzi yake ya maandamano. Hariri ya kijani, pindo la dhahabu, na tausi wamefumwa mikononi. Mimi nilitaka kijani! Nimeitaka kijani hiyo tangu mwezi wa kwanza, nikaiacha dukani nisionekane ninajitangaza. Akanitazama nilivyosimama, akaniuliza dada Kumudini, mapaja, eh? Akacheka kwa upole. Upole wake unaniua kuliko matusi. Akasema kuna namna ya kukaa, ukitaka nitakuonyesha, dakika tano tu.

Nikasema asante, mimi sisikii maumivu yoyote. Nikainama kuokota futi ya kupimia. Sikuweza kuinuka. Ikabidi nimpime kuanzia kiunoni kwenda chini, huku nikijifanya ndivyo ninavyoanza siku hizi.

Alipoondoka nikakaa na ile hariri mapajani. Nikaitazama. Wazo likaja lenyewe, taratibu, likakaa karibu yangu. Nani anayemshonea Vidula makwapa? Mimi. Nani anaamua mabega yake yafike wapi? Mimi!

Jumatano, 19 Machi

Mpango. Ukitaka kuendesha pikipiki vizuri lazima mikono iende mbele. Mikono ikienda mbele, mgongo wa blauzi unavutika. Ikiwa mgongo wa blauzi hauna cha kuvutika, mwendeshaji hafiki kwenye usukani. Atakaa kaporomoka kama gunia la vitunguu. Napunguza vidole viwili kila kwapa. Viwili tu, mimi siyo katili.

Nimekata. Dhamiri ilisema kitu nikawasha redio.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimefanya mazoezi na sari ya yadi tisa yenyewe, maana ndiyo tutakayovaa. Unapitisha marinda katikati ya miguu, unayachomeka nyuma. Mama yangu alinifundisha fundo nono, lisilofunguka hata ukicheza dansi usiku kucha. Nikapanda. Lahaja mpya ya maumivu! Fundo lote limekaa juu ya kifandugu. Kila shimo la barabara likawa ni nyundo inapigilia msumari, na msumari ni mimi.

Dakika kumi na mbili nikashuka, nikaegemea ukuta. Kwenye paa la jengo, Vidula alikuwa anaanika pilipili. Akapunga mkono. Yeye huvaa sari hiyohiyo, fundo hilohilo, na hukaa saa tatu anatabasamu. Vipi? Kifandugu hana? Ningemuuliza, lakini ningependa kwanza kufa.

Suluhisho nimelipata mwenyewe. Nimechana mfarishi wa zamani wa mama mkwe, nikakunja vipande vinne, nikavishona ndani ya marinda, chini ya fundo. Godoro la siri! Nimejaribu juu ya stuli. Raha. Nimeinuka vidole vinne zaidi, miguu inagusa chini kwa ncha za vidole tu, lakini malkia ndivyo wakaavyo, juu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepeleka blauzi. Vidula akaijaribu palepale. Akashusha pumzi. Akasema imembana kidogo. Nikasema hiyo ndiyo mishono ya mwaka huu, mjini Pune wote wanavaa hivi. Akajitazama kwenye kioo, mbele, ubavuni, akanikumbatia. Yaani alijaribu kunikumbatia, mikono ikaishia katikati. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Akanipa bakuli la shrikhandi, mtindi mtamu wenye hiliki. Nikaona aibu. Aibu ikadumu mpaka nikamaliza bakuli. Kisha nikakumbuka hata shrikhandi yake ni nzuri kuliko yangu.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa nimesimama.

Tulianzia hekaluni saa moja asubuhi. Mzee Tipnis kavaa kofia yake ya kazi na filimbi shingoni. Kamati nzima ipo. Nusu ya mji wetu wa Dombivli ipo. Filimbi!

Vidula akaondoka. Nikangoja aporomoke. Hakuporomoka. Hakuweza kuporomoka! Blauzi ilimshika mabega ikayavuta nyuma, ikambana viwiko karibu na mbavu, ikamnyoosha uti wa mgongo pingili moja moja. Kwa kuwa mikono haifiki, akalazimika kusogea mbele kabisa, akabana tangi kwa mapaja. Alikaa kama mtu aliyechongwa. Sijaona binadamu akikaa hivyo. Mzee Tipnis akatoa filimbi mdomoni. Akasema kwa sauti ambayo hata mji jirani wa Kalyan umesikia, kwamba miaka thelathini na mitatu barabarani hajapata kuona mgongo wa namna ile. Watu wakapiga makofi. Bhalchandra naye! Nilimwona. Mara tatu.

Nimemshonea ushindi kwa mkono wangu.

Mimi je? Dakika ishirini za kwanza sikuwa vibaya. Kisha godoro likaanza safari. Mfarishi unateleza juu ya hariri, na hariri inateleza juu ya siti, hilo sikulifikiria. Nikajikuta niko juu ya tangi, kidevu kwenye kioo. Nikajirudisha nyuma. Mshono ukaachia. Kitu kikanifuata. Watoto wakaanza kushangilia. Nikatazama kwenye kioo: kipande cha mfarishi wa mama mkwe, chenye maua mekundu, kinaburuzwa barabarani nyuma yangu, urefu wa mita moja na nusu. Mbwa wa muuza samosa akakidaka. Akavuta. Mimi nikaongeza moto. Yeye akaongeza meno.

Sikuanguka. Naandika tena, sikuanguka. Nililala polepole upande wa kushoto, na pikipiki ikalala nami.

Uamuzi: Vidula anatangulia. Mimi wa pili, nyuma yake. Saa tatu nzima nitautazama ule mgongo! Mzee Tipnis akanipa pole, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwambie mhunzi huyo aje akae juu ya kifandugu changu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeshindwa kazi. Blauzi tisa zimebaki. Napiga mshono mmoja, nalala kifudifudi, napiga mwingine.

Mchana Bhalchandra aliondoka kununua dawa ya kuchua, akakawia. Aliporudi akasema, kwa furaha kubwa, kwamba shida yangu imepatikana. Ni fundo. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, akacheka peke yake. Akaeleza eti marinda usiyafunge fundo, yatandaze bapa kama karata, uyachomeke juu, kiunoni, mbali na mfupa. Hapo unakalia kitambaa, hukalii mpira.

Nikamuuliza ameyajulia wapi mambo ya marinda.

Kumbe kamuuliza Vidula. Kwenye ngazi. Wamesimama dakika kumi wanazungumzia kifandugu changu! Na Vidula kamwonyesha kwa leso jinsi ya kukunja. Nikasema vizuri sana, basi nenda ukakae naye mkunje leso. Akaniangalia kama vile nimemrushia sahani. Akaweka dawa mezani. Akaenda kupika wali.

Fundo langu litabaki pale alipoliweka mama yangu. Hata linitoboe.

Jumatano, 26 Machi

Habari njema! Nilipeleka blauzi kwa katibu wa kamati, nikamchokonoa kuhusu sheria. Kumbe ipo moja ya tangu zamani. Bendera haikai kwenye pikipiki isiyo na mtu. Anayeongoza akishuka njiani, hata kwa dakika moja, hata kwa kunywa maji, bendera inahamishiwa kwa anayefuata, na hairudi mpaka huyo naye ashuke. Nikamwomba airudie. Akairudia.

Sasa. Vidula ni mwanafunzi mtiifu wa Mzee Tipnis. Kila nusu saa yeye hushuka, hunyoosha viungo, hutikisa mikono kama kuku aliyeloa. Lazima atashuka! Akishuka, bendera ni yangu. Na mimi nikishaipata, kitu gani kitanishusha? Hakuna. Nitakaa mpaka jukwaani, pale mpiga picha wa gazeti anaposimama. Sihitaji kukaa vizuri. Nahitaji kukaa muda mrefu.

Nimelala usingizi wa kwanza tangu Jumapili.

Ijumaa, 28 Machi

Mazoezi ya kutoshuka. Nimeegesha pikipiki uani kwa stendi ya katikati, nikapanda saa nne asubuhi na kikapu cha blauzi. Nimeshona vifungo juu ya tangi. Nimekula chapati juu ya tangi. Wateja wamenifuata, nikawapimia vifua juu ya tangi. Saa ya kwanza maumivu. Saa ya pili maumivu makubwa. Saa ya tatu hakuna maumivu kabisa! Wala hakuna miguu. Sikuisikia hata moja. Nikafurahi, nikadhani nimekomaa.

Mzee Tipnis akasimama getini na maziwa yake. Akasema mama, ganzi siyo ushupavu, ganzi ni damu inakuambia imechoka kupita hapo. Shuka utembee. Nikasema nitashuka Jumapili. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Bhalchandra ndiye aliyenishusha saa nane. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, goti lake bovu likalia, akanibeba mpaka kwenye ngazi. Nikasema mbona unahema hivyo, Vidula angekuwa mwepesi zaidi, siyo? Akaniketisha, akaanza kunichua miguu.

Jumapili, 30 Machi. Gudi Padwa

Nimeandikiwa. Nasema, Bhalchandra anaandika, vidole vyangu havifungi kalamu. Asibadilishe neno.

Alfajiri tumesimamisha gudi dirishani, mti uliovikwa hariri na gudulia la shaba lililopinduliwa, tumekula majani ya mwarobaini na sukari guru, uchungu na utamu pamoja. Mimi nimetafuna mwarobaini mwingi, kwa ujasiri. Fundo nimelifunga mara mbili.

Saa moja na nusu ngoma zikaanza. Wanawake arobaini na wawili wa pikipiki, vilemba vya zafarani, pete za puani, miwani. Mbele yetu wote, Vidula, kijani na dhahabu. Nyuma yake mimi, zambarau. Nimeutazama mgongo ule mtaa baada ya mtaa. Kutoka kwenye roshani watu walimwagia maua yeye. Yaliyomkosa yakanipata mimi.

Nusu saa. Hashuki. Dakika arobaini. Hashuki! Kumbe na yeye kapania. Dakika ya arobaini na tano tukapita mbele ya duka la vyombo, akainua mkono kumpungia mtu juu, nikasikia mlio. Prrr. Mshono wa kwapa! Mshono wangu. Vidula akabana mkono haraka, akaegesha, akashuka, akaomba pini kwa wanawake wa njiani. Watu wakamzunguka na pini kumi na mbili.

Katibu akaja mbio na bendera. Akaichomeka kwenye bomba la pembeni ya siti yangu. Bendera ya zafarani. Upepo ukaishika. Mimi, Kumudini Pendse, mbele ya wanawake arobaini na mmoja! Maua yakaja kwangu kwanza. Nililia ndani ya miwani. Hilo aliandike.

Nikaongoza saa mbili. Vidula alirudi nyuma yangu, kila tuliposimama akashuka akajinyoosha. Bure kwake, bendera haikuwa yake tena. Mimi sikushuka. Walinipa maji nikakataa. Walinipa ndizi nikakataa. Mikono iliondoka kwanza, kisha kiuno, kisha miguu ikaniaga mmoja baada ya mwingine. Nilibaki kichwa na bendera.

Tukafika jukwaani. Mpiga picha yupo. Kawaida anayeongoza hushuka, bendera ikimngoja hapo tu, hugusa miguu ya wazee, hupokea nazi, kisha hupanda tena na kupigwa picha. Nikaambiwa shuka. Nikasema ndiyo. Nikajiamuru kushuka. Hakuna aliyesikia mwilini mwangu. Nikaambiwa tena, kwa adabu, Bi Pendse, tafadhali. Nikatabasamu. Vidole vimeng'ang'ania usukani, klachi imebanwa, mguu haupandi wala haushuki. Mgeni rasmi kasimama na nazi yake. Wa nyuma wanapiga honi.

Wakaja wanaume wanne, Bhalchandra mmoja wao. Wakanibandua kidole kimoja kimoja. Wakaniinua. Nikatoka juu ya pikipiki vilevile nilivyokuwa, magoti yamekunjwa, mikono mbele imeshika hewa, macho mbali. Wakanibeba hivyo juu ya mabega kupita katikati ya umati. Wapiga ngoma wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakaongeza mdundo. Kisha mtu mmoja, Mungu amwone, akapiga ule ukelele wa kumuaga mungu Ganesh, sanamu yake inapokwenda kuzamishwa majini, na umati mzima ukaitikia kwamba mwakani nirudi mapema.

Na pikipiki yangu haina mtu, wala sikupanda tena. Sheria ni sheria. Bendera ikahamishwa. Nikiwa hewani, nikageuza macho, maana shingo haikugeuka, nikamwona Vidula juu ya pikipiki yake, pini kumi na mbili kwapani, mgongo wima, anapigwa picha.

Bhalchandra amesimama kuandika, anacheka. Anasema hacheki. Mabega yake yanacheka.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika mwenyewe, kifudifudi. Vidole vimerudi.

Gazeti. Ukurasa wa tatu, Vidula, safu nne. Chini yake mimi, ukubwa wa stempu, juu ya mabega ya wanaume, na maneno: mshiriki mmoja akisaidiwa. Mshiriki mmoja!

Bhalchandra akaniletea chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akatoa simu, akanionyesha picha alizopiga Jumapili. Kumi na moja. Zote zangu. Mimi na bendera mbele ya duka la vyombo, mimi na bendera kwenye daraja, mimi nalia ndani ya miwani. Akasema alikimbia kando ya barabara njia nzima, na goti lake lile, ili asikose hata moja. Akasema nilikuwa napendeza. Nikazitazama zote kwa makini. Kwenye ya nne na ya saba kiwiko cha Vidula kinaonekana. Nikamuuliza kilikuwa kinafanya nini humo. Akachukua kikombe, akatoka.

Jioni akaja Vidula mwenyewe na mafuta ya ufuta. Hakuomba ruhusa. Alikunja mikono, akanikanda kiuno, mapaja, mabega, vifundo vya mikono, kila mahali anapajua bila kuonyeshwa. Nilitaka kuchukia, lakini raha ilikuwa nyingi. Akasema ile blauzi ndiyo iliyomshikilia mgongo, nimshonee nyingine hivyohivyo, ila kwapani nimwachie pumzi. Akasema amefurahi sana mimi kuongoza. Alisema kweli, nilimsikiliza vizuri, sikupata hata chembe ya uongo. Inaudhi.

Kisha akanipa siri. Mwaka jana, baada ya ile picha ya gazetini, naye hakuinuka. Alikaa mikono imenyooka njia nzima, fundo juu ya mfupa, hakushuka hata mara moja, kwa kiburi tu. Kosa kwa kosa, kama mimi. Akawaambia watu amekwenda Nashik kwa dada yake. Alikuwa mlango wa pili, kitandani. Akaniambia ili nijisikie nafuu, dada yangu, hata mimi nilianza hivyohivyo.

Nikamuuliza alilala siku ngapi.

Tisa.

Tisa! Na mimi hii ni ya pili tu, na asubuhi, naandika kwa siri, nilitembea mpaka msalani bila kushika ukuta, na maumivu yamekwisha karibu yote.

Vidula alipotoka nikamwita Bhalchandra. Nikamwambia hali imekuwa mbaya ghafla. Asimwachie mtu yeyote aingie mpaka nitakapoinuka, na cherehani aifunike turubai. Nitalala mpaka Alhamisi ya wiki ijayo.

Nimehesabu vizuri. Zinatimia kumi na moja.